Sindano za Makarot

Shemeji aliweka kitawi mezani, kati ya bakuli la makande na kikombe changu cha chai, kisha akakaa kimya akinisubiri nikubali yaishe.

"Haya, shemeji. Mpaina wetu wa asili ndio huo. Sema sasa."

Tulikuwa tumebishana kwa simu karibu mwezi mzima. Yeye ni Mwiraki, mzaliwa wa vilima vilivyo chini ya mlima Oldeani, na anafundisha baiolojia katika shule ya sekondari ya hapo Karatu. Alikuwa amewaambia wanafunzi wake kwamba Ngorongoro kuna mpaina uliojiotea wenyewe tangu enzi na enzi. Mimi nikamjibu kwamba Tanzania haina mpaina wa asili hata mmoja. "Njoo uone," akaniandikia. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, akaongeza ya kwake: hata bila miti ningekuja lini kuwaona? Basi nikapanda basi Mafinga alfajiri, nikalala Dodoma, kesho yake nikapita Kondoa na Babati hadi Makuyuni, na pale njiapanda nikadandia Noah iliyojaa magunia na watu, tukapita Mto wa Mbu, tukaukwea ukuta wa Bonde la Ufa, na jua lilipokuwa linazama nikashuka Karatu nikiwa nimefunikwa na vumbi jekundu.

Nilikiinua kile kitawi karibu na taa. Vijani vyake vilikuwa vidogo kama magamba ya samaki, vimebanana kwenye kijiti. Kilikuwa na tunda kavu la mbao, duara, ukubwa wa gololi, kila kipande chake kimechomoza kijipembe.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye uzio wa kanisa."

"Huu ni msaipresi, shemeji. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ndio huu tunaoutundikia mapambo kila Krismasi."

Hakubishana juu ya uzio wa kanisa. Alikisogeza kitawi pembeni, akaegemea kiti. "Basi huu tuuache. Lakini ule wa juu, upande wa Endulen, hakuna mtu aliyeupanda. Marehemu baba alinionyesha nikiwa mdogo kuliko huyu binti yangu. Nao ulikuwa na sindano. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu zilinichoma hapa." Akanionyesha kiganja cha kushoto, chini ya kidole gumba.

Sindano hizo ndizo zilizoninyima usingizi. Mtu anaweza kusahau umbo la mti, lakini mtoto aliyechomwa hasahau alichomwa na nini.

Niseme kwanza kwa nini mimi nilikuwa na uhakika. Nimekulia pembezoni mwa shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, shamba kubwa kuliko yote ya serikali nchini. Baba alikuwa kibarua wa kupogoa matawi. Mipaina ndiyo iliyotulipia ada, ikatupa kuni, na siku hizi wapo vijana wa kwetu wanaogema utomvu wake kama watu wa pwani wanavyogema tembo la mnazi. Baba alinifundisha kwamba mpaina unajulikana kwa vidole kabla ya macho. Chuma kitita kimoja cha sindano, kishike pale chini zinapotokea, kisha zihesabu.

Nilikuwa nimebeba tawi la nyumbani begini, nimelifunga kwenye gazeti. Nikampa mpwa wangu wa darasa la sita.

"Moja, mbili, tatu," akahesabu. Akachuma kitita kingine. "Tatu tena, mjomba."

"Na zote zinatoka wapi?"

Akachungulia. "Kwenye kijifuko kimoja."

Basi mpaina ndio huo. Ule aliokuwa ameushika ni mpaina wa Meksiko, Pinus patula kwa jina la kitaalamu, wenye sindano ndefu zilizolegea kama singa za farasi, kwa kawaida tatu tatu katika kijifuko kimoja cha ngozi nyembamba kahawia. Aina nyingine zina mbili, nyingine tano. Koni zake ni za mbao, zimepangwa magamba magumu, na kila gamba limeficha mbegu zenye ubawa. Mti usio na sindano zilizofungwa vitita namna hii, uwe mrefu vipi na unukie utomvu vipi, si mpaina.

Ukoo huu wa mipaina una aina zaidi ya 100, na karibu zote ni wenyeji wa kaskazini mwa dunia, kuanzia misitu ya theluji ya Norwei na Siberia hadi milima ya Meksiko. Barani Afrika imeota yenyewe mwambao wa Mediterania tu, nchi kama Moroko, Aljeria na Tunisia. Mahali pekee duniani ambapo mpaina umevuka ikweta bila kubebwa na mtu ni kisiwani Sumatra, Indonesia. Hii ya kwetu, iwe ya Sao Hill, ya Shume kule Lushoto au ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, ililetwa ikiwa mbegu, na upandaji wake mkubwa kwetu Mufindi ulishika kasi miaka ya 1970.

Majina nayo yanachangia kupoteza watu. Kamusi zinauita msonobari, neno zuri lililotufikia kupitia Kiarabu. Seremala anasema mbao za paina, na wako wanaosema misindano. Pwani kuna mvinje, ambao mgeni akiuona ufukweni huapa kwamba ni mpaina. Lakini shika hiyo inayoonekana kuwa sindano yake uivute taratibu: inachomoka kipande kipande, kwa sababu ni kijiti chenye pingili kama muwa mdogo mno, na mvinje wala hauko karibu na mpaina kwa undugu. Milima ya Usambara, Meru na Kilimanjaro ina podo, huo kweli ni wa asili na mbao zake ni nyeupe na safi, ila majani yake ni bapa na mbegu yake hukaa peke yake kama kizeituni, bila koni ya mbao.

Kwa hiyo niliulaza ubishi wangu kitandani nikiwa na mti mmoja tu akilini ambao ungeweza kuwa ule wa shemeji. Nao, kwa jinsi nilivyousoma, hauna sindano.

Ijumaa shemeji alikuwa kazini, nami nikapanda msitu ulio juu ya mji nikiongozana na askari wa uhifadhi. Mtu anayepita Karatu kwenye lami akikimbilia kreta hauoni msitu huu, anaona mahindi, ngano na ngwara, na mashamba ya kahawa yaliyoanza na walowezi wa Kijerumani kati ya vita vikuu viwili. Lakini kahawa inapoishia, msitu unaanza papo hapo, kama ukuta. Ni sehemu ya Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu Kaskazini, na chemchemi nyingi zinazoinywesha Karatu na mashamba yake zinatoka humo. Tulifuata njia ya tembo hadi kwenye mapango ambayo wao wenyewe wameyachimba kwa pembe, wakitafuta udongo wenye chumvichumvi. Alama za pembe zilikuwa bado mbichi ukutani. Tukafika hadi maporomoko ya Endoro, maji yanashuka kwenye mwamba uliofunikwa na ukoka wa kijani, na juu yetu miti ya majani mapana imefungamana hata jua likawa linapenya kwa matone.

Sikuona hata mti mmoja wa kufanana na ule niliokuwa nautafuta. Nilimweleza askari habari ya baba yake shemeji na zile sindano. Alikuwa Mmaasai wa makamo, mpole wa maneno. Akasimama akafikiri.

"Huku ni upande wa mvua," akasema. "Mzee huyo alikuwa anafuata ng'ombe wapi?"

"Endulen, nadhani. Kubadilishana na mahindi."

"Basi mti wenu uko Makarot. Oltarakwai haupendi kukaa na maji miguuni."

Jina hilo nililijua kwa sura yake ya Kiswahili, mtarakwa. Wasambaa wanauita mwangati. Wakikuyu nao wana jina linalokaribiana mno na hilo la Kimaasai. Ukikuta mti wenye jina karibu moja katika lugha zisizo na asili moja, jua wenyeji wamekuwa wakiulizana habari zake kwa muda mrefu.

Alichosema askari kuhusu mvua ndicho kinachoipanga milima yote ile. Pepo zinatoka Bahari ya Hindi zimebeba maji, zinagonga miteremko ya mashariki na kusini ya nyanda za Ngorongoro, zinapanda, zinapoa, zinaangusha mzigo wao hapo. Ndiyo maana upande wa Karatu ni kijani mwaka mzima, na ndiyo maana Oldeani umevaa mianzi mpaka juu. Jina lenyewe la mlima latokana na neno la Kimaasai la mianzi, na mwaka 2013 wataalamu walipouhamishia mwanzi huo wa milimani kwenye jenasi yake yenyewe, waliipa jina Oldeania. Nilimwambia shemeji habari hii jioni yake, akasimama kabisa kwenye kiti. Mlima wa nyumbani kwao upo katika vitabu vya mimea vya dunia nzima!

Pepo hizo zikishavuka kilele hazina kitu. Upande wa magharibi, unaotazama tambarare za Serengeti, unabaki na makombo, na huko ndiko mtarakwa unakotawala.

Jumamosi tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi, shemeji, mpwa wangu aliyekataa kuachwa, na dereva kijana mwenye Land Cruiser ya kukodi. Geti la Lodoare lilikuwa limemezwa na ukungu. Askari wetu alipanda hapo, tukakata msitu kwa barabara ya udongo mwekundu, ndevu za kijivu zikining'inia kwenye matawi pande zote, hadi ukingoni mwa kreta, mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari. Wageni walikuwa wamejipanga wakisubiri ukungu ufunguke wapige picha. Ukafunguka kwa dakika chache, tukaliona ziwa Magadi likimeta chini kama kipande cha bati, kilomita za mraba zipatazo 260 za sakafu tupu ya manjano, ukafungwa tena. Mpwa wangu alitaka kushuka. Nilimwahidi siku nyingine, na ahadi hiyo ninayo bado.

Tukaufuata ukingo kuelekea magharibi, na ghafla ikawa kama tumevuka mpaka wa nchi. Ukungu ulibaki nyuma yetu. Bonde la Malanja lilikuwa wazi, nyasi fupi, ng'ombe na punda wakichunga pamoja na pundamilia, na ng'ambo yake Makarot umeketi mpana, mzito, mkavu. Ramani nyingi zinauandika Lemagrut. Tukashika njia ya Endulen, tukaacha gari mahali ambapo askari alitaka, tukaanza kupanda kwa miguu, yeye mbele na bunduki begani kwa sababu ya nyati.

Ilituchukua saa moja na nusu. Sitaieleza yote, ilikuwa nyasi na pumzi tu.

Kisha nikausikia mti kabla ya kuuona. Upepo ukipita kwenye majani mapana unapiga makofi, ukipita kwenye mtarakwa unavuma kwa sauti moja ya chini isiyokatika. Juu ya mgongo wa kilima ilikuwa imesimama minne mitano, nyuma yake mingi zaidi, mirefu, mashina yamepindapinda kidogo kama kamba iliyosokotwa, gome jembamba la kahawia linabanduka kwa vipande virefu virefu. Askari hakuruhusu tukate kitu kibichi, nami nilimshukuru kwa hilo. Tawi lililoangushwa na upepo lilitutosha.

Nilianza na vidole, kama nilivyofundishwa. Hapakuwa na vitita wala vijifuko. Palikuwa na magamba tu, madogo kuliko yale ya kanisani, yamelaliana kwenye kijiti laini. Na matunda yake ndiyo yaliyomaliza shauri: si mbao, ni vijitunda vya nyama, vidogo kuliko punje ya dengu, rangi ya buluu iliyokolea karibu na weusi, vimepakwa unga mweupe unaofutika kwa kidole. Msaipresi hauna tunda kama hili. Ndege huvila, na mbegu husafiri tumboni mwao hadi mlima mwingine. Mti wa jirani haukuwa na tunda hata moja, ncha za matawi yake zilikuwa na vidoa vya manjano.

"Huu ni dume," askari akamwambia mpwa wangu. "Ule ni jike. Dume halizai."

Kwa hiyo mtarakwa, Juniperus procera, uko katika familia moja na msaipresi wa kanisani. Shemeji hakuwa amekosea sana pale mezani, alileta binamu. Na una jambo moja ambalo nikilifikiria nasisimka. Ukoo wake nao, kama ule wa mipaina, ni wa kaskazini, aina kwa makumi zilizotapakaa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Huu peke yake ndio uliovuka ikweta kwa nguvu zake. Umeanzia milima ya Arabuni, Yemeni na Saudia, ukapita Ethiopia na Kenya, ukafika hapa, ukaendelea hadi uwanda wa Nyika kule Malawi. Umekwenda mlima kwa mlima, kati ya mita 1,500 na 3,000 hivi, ukichagua pande kavu ambazo miti mingine inazikimbia. Katika ukoo wote hakuna unaoufikia kwa urefu, unaweza kwenda hadi mita 40.

Lakini shemeji alikuwa ametusogelea akiwa na uso wa mtu aliyepotelewa. Alikuwa ameshika lile tawi, analipapasa kwa kiganja, huku na huku.

"Ni laini," akasema. "Huu hauchomi."

Nikakosa la kumjibu. Mti ulikuwa wenyewe, mlima ulikuwa wenyewe, ila kiganja chake kilikataa.

Mpwa wangu ndiye aliyepiga kelele. Alikuwa ameteremka hatua ishirini hivi, pale msitu unapoishia na nyasi zinapoanza, mahali penye kisiki cheusi kilichoungua zamani. "Baba! Aii! Huu unachoma!"

Ulikuwa mche wa kufika kiunoni mwake. Haukuwa na gamba hata moja. Ulikuwa umejaa sindano, fupi, ngumu, zilizosimama, kila moja haifiki sentimita moja na nusu. Mtarakwa ukiwa mtoto huvaa sindano, na ukishakua huzivua ukavaa magamba. Nililijua jambo hilo kwa kusoma, na halikunijia hata mara moja katika ule mwezi mzima wa kubishana. Shemeji alipiga magoti. Aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya mche, akabonyeza taratibu.

"Ndio huu," akasema. Alikaa hivyo kitambo. Askari aligeuka akatazama tambarare, nasi tukafanya vivyo hivyo.

Mche ule haukuota pale kwa bahati. Mtarakwa unataka mwanga. Mbegu yake haifanikiwi chini ya kivuli cha mama yake, inafanikiwa ukingoni, au pale moto ulipopita ukafungua nafasi. Ajabu ni kwamba moto huo huo ukiushika mti mkubwa huua, maana gome ni jembamba. Kwa hiyo msitu wa mitarakwa mikongwe mara nyingi ni ukumbusho wa moto wa zamani sana, na kama ukichunwa wote haurudi kwa kuamrishwa. Mpaina wa kwetu unavunwa ukiwa na miaka kama ishirini. Huu unataka vizazi vya watu. Nao umekwisha kuonja balaa la kisasa: vidukari vinavyonyonya jamii ya misaipresi, vilivyogunduliwa Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, havikuishia kwenye mashamba ya kupandwa, viliushambulia na mtarakwa.

Tulikaa chini kula maandazi ya dada. Askari alichonga kwa kisu kipande cha ule mti ulioanguka, mbao ya ndani ikatoka nyekundu, akampa mpwa wangu anuse. Nikanusa na mimi, nikarudi darasa la kwanza. Ilikuwa harufu ya penseli za zamani, ile ya asubuhi ukimaliza kuchonga. Si ajabu, kwa maana mbao hii ni laini, haichaniki ovyo, na ndiyo iliyofuatwa na watengeneza penseli wa Ulaya. Wajerumani waliifuata hadi Usambara. Kule Shume, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga njia ya kamba za chuma ya kuteremsha magogo ya mwangati kutoka juu ya mlima hadi reli ya Mkumbara, chini bondeni. Leo sehemu kubwa ya Shume ni mipaina ya kupandwa. Nimewahi kupita huko nikaifurahia mipaina ile kama nyumbani, bila kujiuliza ilisimama mahali pa nani.

"Sisi tunaujengea boma," askari akasema. "Nguzo yake mchwa hawaigusi. Lakini tunachukua ulioanguka."

Tuliteremka jua likiwa limeinama. Ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa ungali pale pale, na dereva akawasha taa. Kwenye kiti cha nyuma mpwa wangu alikuwa amelala, mkono wake wa kulia umefumba. Shemeji alitoa daftari lake la maandalio ya masomo, akalifungua kwenye ukurasa ulioandikwa Mpaina wa Asili wa Ngorongoro, akautazama muda mrefu gari likitikisika.

"Afande," akamwita askari aliyekuwa mbele. "Nitajie tena. Herufi kwa herufi."

"O, L, T, A," askari akaanza, pole pole.

Kalamu ya wino ilikuwa imegoma kwa baridi. Aliandika kwa penseli.